Mtandao Una Kasi, Mbona Tunangoja?

ELIMU KWA UMMA: Jinsi Wi-Fi inavyofanya kazi, kwa nini intaneti huchelewa, na unachoweza kufanya mwenyewe

Ilikuwa saa nane mchana, siku ya mwisho ya kupokea maombi ya basari. Wazazi zaidi ya ishirini walikuwa wameketi katika ukumbi wa wadi wakisubiri kusaidiwa kutuma fomu za watoto wao. Kompyuta nne zilikuwa wazi, na kwenye kila moja kiduara kilikuwa kikizunguka bila kukoma. Mama mmoja ambaye mwanawe yuko chuo cha kiufundi aliniuliza kwa upole, “Kijana wangu, hii mashine inafikiria nini muda wote huu?” Sikuwa na jibu.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumepima mtandao na kipimo kikaonyesha megabiti 20 kwa sekunde, kama tulivyolipia. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema kwamba kifurushi ni kidogo, tununue kikubwa. Afisa wetu wa TEHAMA alipofika, hakuuliza habari za kifurushi. Aliuliza, “Ni nani anayepakia kitu kikubwa sasa hivi?”

Nilikuwa mimi. Kipakatalishi changu kilikuwa pembeni kikituma video ya hafla ya asubuhi kwenda kwenye hifadhi ya ofisi. Nilipoisimamisha, ukurasa wa yule mama ulifunguka kabla sijamaliza kumwomba radhi.

Wazazi wawili walikuwa wameshachoka kungoja na kuondoka. Tuliwapigia simu. Mmoja alirudi kabla ya ofisi kufungwa. Mwingine tulimpata kesho yake, muda ukiwa umepita.

Somo la toleo hili limetokana na siku hiyo. Huduma nyingi za serikali sasa ziko mtandaoni: eCitizen, ushuru wa KRA, mikopo ya wanafunzi, leseni za biashara, maombi ya kazi. Mkaazi anayeelewa kwa nini mtandao unachelewa ataokoa pesa za bando, na pengine ataokoa nafasi ya mtoto wake.

KASI NI KITU KIMOJA, KUCHELEWA NI KINGINE

Kampuni zinapotangaza intaneti, hutaja megabiti kwa sekunde. Hicho ni kipimo cha kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja. Tukiite upana wa njia.

Kipimo cha pili hakitangazwi sana. Ni muda ambao ujumbe mdogo huchukua kutoka kwenye simu yako hadi kwenye kompyuta ya mbali na jibu lake kurudi. Kwenye programu za kupima mtandao huandikwa kwa neno “ping” na huhesabiwa kwa milisekunde. Milisekunde 1,000 ni sekunde moja.

Fikiria lori na bodaboda. Lori hubeba magunia mengi kwa safari moja. Bodaboda hubeba kidogo. Lakini ukitaka kupelekewa dawa ya mtoto kutoka sokoni, ukubwa wa lori haukusaidii. Unachotaka kujua ni dawa itafika saa ngapi.

Ukitazama filamu, unahitaji lori. Ukipiga simu ya video, ukijaza fomu au ukilipa ada, unahitaji bodaboda iende na kurudi upesi. Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza kwamba katika mazungumzo ya simu sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikipita 400, watu huanza kukatizana maneno na kuuliza “Uko?” kila mara.

Kufungua ukurasa mmoja wa tovuti si safari moja. Kwanza simu huuliza anwani ya tovuti hiyo. Kisha hubisha hodi. Kisha pande mbili hukubaliana jinsi ya kuficha mazungumzo yao ili mwingine asisome. Ndipo simu huomba ukurasa wenyewe. Hizo ni kama safari nne za kwenda na kurudi kabla hujaona hata mstari wa kwanza. Kila safari ikichukua milisekunde 50, utangoja milisekunde 200 tu, na hutaona tofauti. Kila safari ikichukua sekunde 2, utangoja sekunde 8. Na ukurasa wenye picha na fomu nyingi utahitaji safari zaidi.

Hii ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na megabiti 20 na bado akatazama kiduara kikizunguka.

UMBALI NAO UNA BEI YAKE

Kuna kuchelewa ambako hakuna fundi anayeweza kukuondoa. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Ni mwendo mkubwa, lakini una mwisho. Kilomita 1,000 zinahitaji milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi. Kutoka Nairobi hadi London ni karibu kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hata waya ungenyooka kama uzi, jibu haliwezi kurudi kabla ya milisekunde 68. Nyaya halisi hupita chini ya bahari kwa kuzunguka, hivyo muda huo huongezeka.

Kabla ya mwaka 2009, Kenya haikuwa na mkongo wa baharini. Intaneti ya kwenda ng'ambo ilipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe ulipaa hadi huko, ukashuka upande wa pili, na jibu likafanya vivyo hivyo. Safari hiyo pekee ilimeza karibu nusu sekunde. Mwaka 2009 mikongo ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Wale waliokuwa wakitumia saiba wakati huo wanakumbuka tofauti.

Setilaiti za siku hizi za Starlink, ambayo ilianza kuhudumia Kenya mwaka 2023, huruka chini zaidi, kama kilomita 550 kutoka ardhini. Ndiyo maana hazichelewi kama zile za zamani.

Mkongo wa baharini unapokatika, data hulazimika kupita njia nyingine ndefu na yenye msongamano. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kusini mwa Afrika na watumiaji wa Kenya na nchi jirani wakauhisi mtandao ukisuasua. Siku kama hiyo, kubadilisha ruta ya nyumbani hakusaidii kitu.

Si kila safari huvuka bahari. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilizinduliwa Nairobi mwaka 2000 na, baada ya kufungwa kwa muda, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Kazi yake ni kuwezesha barua pepe ya kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya Kenya kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Kenya isipitie ng'ambo. Bila kituo cha aina hiyo, jirani na jirani wanaweza kusalimiana kupitia Ulaya.

WI-FI: HEWA NI MOJA, WASEMAJI NI WENGI

Sasa turudi nyumbani. Wi-Fi ni redio. Ruta yako ina kituo kidogo cha redio ndani yake, na simu yako pia. Zote hutumia masafa yaleyale kuzungumza.

Mpangilio wake ni kama baraza la chifu lililoendeshwa vizuri: mmoja akisema, wengine hunyamaza. Kila kifaa husikiliza kwanza. Kikisikia kimya, hungoja kidogo kisha husema. Vifaa viwili vikianza pamoja, maneno hugongana, hakuna anayesikika, na kila mmoja hurudia baadaye. Kwa hiyo vifaa vikiwa vingi, zamu yako huchelewa hata kama kila mmoja ana jambo dogo la kusema.

Katika baraza hilo kuna mzee mmoja anayesema polepole. Huyo ni simu iliyo mbali na ruta. Mawimbi yakidhoofika, ruta na simu hupunguza mwendo ili zielewane. Tuchukue mfano. Kifaa kilicho karibu kikiwasiliana kwa megabiti 100 kwa sekunde, kitatuma megabiti 10 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kilicho nyuma ya kuta tatu, kikiwasiliana kwa megabiti 5 kwa sekunde, kitatumia sekunde 2 kutuma mzigo uleule. Muda wote huo hewa ni yake. Simu moja dhaifu huko jikoni inaweza kuchelewesha kompyuta iliyo mezani karibu kabisa na ruta.

Ruta nyingi hutumia masafa ya aina mbili. Gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini nafasi zake ni chache. Kati ya chaneli zake, ni 3 tu zinazotumika bila kuingiliana: 1, 6 na 11. Katika nyumba za ghorofa, ruta kumi za majirani hugombania chaneli hizo tatu. Vifaa vya Bluetooth na tanuri za maikrowevu pia hutumia masafa ya karibu na hayo. Gigahezi 5 zina nafasi nyingi na mwendo mkubwa, lakini ukuta wa mawe huzidhoofisha haraka.

Vitu vya nyumbani navyo vina usemi. Mabati huakisi mawimbi. Ukuta wa zege wenye nondo, kioo kikubwa cha kujitazamia na tangi la maji huyazuia au kuyameza. Ruta iliyofichwa ndani ya kabati la chuma, au iliyowekwa sakafuni nyuma ya televisheni, inafanya kazi ikiwa imefungwa mdomo.

Mnara wa simu hugawana hewa pia, ingawa mnara wenyewe ndio unaopanga zamu. Bando lako ni lako, lakini mnara ni wa kijiji kizima. Jioni watu wanaporudi kutoka kazini na kufungua video, zamu ya kila mmoja hupungua.

FOLENI KWENYE MASHINE YA KUSAGA

Tumefika kwenye kosa lililotupata siku ile ya basari. Katika nyumba na ofisi nyingi, kosa hili ndilo lisiloshukiwa.

Mtoto ametumwa kusaga gorogoro moja ya mahindi. Akifika kwenye mashine, anamkuta mfanyabiashara aliyetangulia na magunia kumi. Mashine haina hitilafu. Inasaga kwa mwendo wake wa kila siku. Lakini mtoto atarudi nyumbani jioni, na kosa litawekwa kwenye mashine.

Ruta yako ina chumba kidogo cha kumbukumbu kinachoitwa bafa. Data ikifika kwa wingi kuliko inavyoweza kutoka, husubiri humo kwa foleni. Bafa ndogo ni jambo zuri, kwa sababu data ikija kwa mafungu haimwagiki. Shida huanza bafa ikiwa kubwa mno.

Hesabu yake ni rahisi. Kifurushi chetu cha ukumbini kilikuwa na megabiti 20 za kupakua, lakini megabiti 2 tu za kupakia. Vifurushi vingi viko hivyo, upande wa kupakia ukiwa mwembamba. Tuseme bafa ina nafasi ya kilobaiti 500. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo hizo ni megabiti 4. Kwa mlango wa megabiti 2 kwa sekunde, foleni iliyojaa huchukua sekunde 2 kutoka. Video yangu iliijaza foleni hiyo na kuendelea kuijaza. Kila mara mzazi alipobonyeza “Endelea”, ombi lake dogo lilisimama nyuma ya magunia yangu kwa sekunde 2. Kwa safari nne, sekunde 8. Kwa ukurasa wenye vipande vingi, tovuti ilichoka kungoja ikakata.

Utauliza: wazazi walikuwa wakifungua kurasa, hawakuwa wakipakia video. Mbona nao walikwama? Kwa sababu hata kupakua huanza na ombi linalotoka kwako, na kila fungu unalopokea hujibiwa na risiti ndogo ya “nimepata”. Maombi na risiti hupitia mlango uleule mwembamba. Mlango wa kutokea ukiziba, na wa kuingilia hulala.

Kifurushi kikubwa zaidi kingepunguza tatizo kwa muda, lakini video kubwa zaidi ingelirudisha. Mwenye mashine hahitaji kununua mashine ya pili. Anahitaji kumwambia mfanyabiashara: “Ndugu, nikishamaliza gunia hili moja, nitamsagia mtoto gorogoro yake, kisha tutaendelea na yako.” Mfanyabiashara hucheleweshwa dakika moja ambayo hata haioni. Mtoto hurudi nyumbani mapema.

WALIOIONA SHIDA HII KABLA YETU

Foleni za data si jambo geni. Mwezi wa Oktoba 1986, mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huko Marekani ulianguka kutoka mwendo wa biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Umbali kati ya sehemu hizo mbili haukufika hata nusu kilomita. Mtafiti Van Jacobson aliichunguza hali hiyo, na mwaka 1988 akachapisha njia ambayo kompyuta hadi leo hufuata msingi wake: ongeza mwendo taratibu, na ukiona data imepotea, elewa kuwa njia imejaa, upunguze.

Kupotea kwa data kidogo, basi, ni ishara ya lazima, kama honi ya gari. Lakini bei ya kumbukumbu iliposhuka, watengenezaji wa vifaa waliweka bafa kubwa kubwa wakidhani wanamfaidi mteja. Bafa hizo huificha ishara. Kompyuta inayotuma haioni kitu kilichopotea, hivyo huendelea kusukuma, na foleni hurefuka.

Mwishoni mwa mwaka 2010, mhandisi wa Marekani Jim Gettys, aliyekuwa Bell Labs, aliikuta shida hii kwenye mtandao wa nyumbani kwake na kuanza kuiandikia. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita uvimbe wa bafa. Mwaka 2012, Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu iitwayo CoDel. Mbinu hii haitazami foleni ina urefu gani, bali data imesimama humo kwa muda gani. Ikikaa sana, hutupa kidogo ili mtumaji apunguze mwendo. Mbinu iliyofuata, FQ-CoDel, ambayo ilichapishwa rasmi kama RFC 8290 mwaka 2018, iliongeza haki kwenye foleni: kila mazungumzo hupewa zamu yake, na gorogoro haingoji magunia yote.

JIPIMIE MWENYEWE

Huhitaji fundi kujua kuchelewa kwako kunatoka wapi. Tumia tovuti au programu ya kupima mtandao inayoonyesha ping. Tovuti ya fast.com, ukibonyeza sehemu ya maelezo zaidi, huonyesha kuchelewa kwa aina mbili: njia ikiwa tupu na njia ikiwa na mzigo. Angalizo kwa wenye bando: kila kipimo hula data, kwa hiyo usipime mara kumi.

Kipimo cha kwanza. Simama karibu na ruta, hatua mbili au tatu, wakati hakuna mwingine anayetumia mtandao. Andika ping.

Kipimo cha pili. Nenda mahali unapokaa kwa kawaida, chumbani au dukani, nyumba ikiwa bado imetulia. Andika ping.

Kipimo cha tatu. Rudi karibu na ruta. Mwambie mtu apakie video au picha nyingi, kisha pima tena. Andika ping.

Sasa linganisha.

Kama cha kwanza ni kizuri na cha pili ni kibaya, shida yako ni Wi-Fi: umbali, kuta au majirani.

Kama cha kwanza ni kizuri na cha tatu kimepanda kutoka makumi ya milisekunde hadi mamia au maelfu, shida yako ni foleni.

Kama hata cha kwanza ni kibaya, na ni kibaya siku baada ya siku, shida iko nje ya nyumba yako. Hapo una haki ya kumuuliza anayekuuzia huduma.

DAWA ZISIZO NA GHARAMA

Kwa Wi-Fi, iweke ruta juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Itoe kabatini. Kifaa kilicho karibu kiunganishe na gigahezi 5, kilicho mbali kitumie 2.4. Kompyuta isiyohama, kama ile ya duka au saiba, iunganishe kwa waya. Waya hauingii kwenye baraza la hewa, na ukiutumia unawaachia wenye simu nafasi.

Kama una kifaa cha kurudia mawimbi, kiweke katikati ya njia, pale ambapo mawimbi bado yana nguvu. Wengi hukiweka kwenye chumba kilichokosa mtandao kabisa, na hapo hakina cha kurudia.

Kwa foleni, tafuta kwanza anayepakia. Mara nyingi si mtu. Ni simu inayohifadhi picha mtandaoni yenyewe, kompyuta inayosasisha programu, au kamera za CCTV zinazotuma picha nje. Panga kazi hizo zifanyike usiku. Video ya gigabaiti 1 kwenye njia ya kupakia ya megabiti 2 huchukua zaidi ya saa nzima, na kwa muda wote huo wengine wako foleni.

Kisha fungua mipangilio ya ruta na uangalie kama kuna sehemu iliyoandikwa SQM au QoS. Kama ipo SQM, iwashe. Utaulizwa uandike kasi yako ya kupakia na kupakua. Andika pungufu kidogo, kama asilimia 90 ya kasi uliyopima. Kwa kufanya hivyo unaihamisha foleni kutoka kwenye vifaa vya mbali usivyovitawala hadi kwenye ruta yako, ambako gorogoro itapata zamu. Unapoteza kasi kidogo, unapata utulivu mwingi. Kama hujawahi kugusa mipangilio hiyo, mwombe mtu wa TEHAMA akae nawe mara ya kwanza.

Siku ile ukumbini hatukununua kifurushi kipya. Ruta ilipangwa upya, kompyuta mbili zikaunganishwa kwa waya, na kazi yangu ya kutuma video ikahamishiwa usiku.

SIKU YA MWISHO YA MAOMBI

Hata mtandao mzuri hulemewa siku ya mwisho, kwa sababu foleni inaweza kuwa kwenye tovuti yenyewe. Zingatia haya.

Usingoje jioni ya siku ya mwisho. Alfajiri na asubuhi na mapema njia huwa nyepesi.

Punguza ukubwa wa nakala kabla ya kuzituma. Picha ya kitambulisho iliyopigwa kwa simu inaweza kuwa megabaiti 4 au 5. Ikiskaniwa vizuri na bado inasomeka, inaweza kuwa chini ya nusu megabaiti.

Ukibonyeza “Tuma” na ukurasa ukakwama, usibonyeze tena na tena. Kila ombi jipya huongeza foleni. Fungua akaunti yako upya uone kama fomu imepokelewa.

Kwa malipo, kuwa mwangalifu zaidi. Usirudie kulipa kabla ya kuangalia ujumbe wa M-Pesa na historia ya malipo kwenye akaunti yako. Kuchelewa kwa jibu hakumaanishi kwamba pesa hazijaondoka.

Ukipata namba ya kupokelewa, iandike kwenye karatasi na upige picha skrini. Namba hiyo ndiyo ushahidi wako.

LALAMIKO LIPELEKWE WAPI

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, mawasiliano ya simu ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Kaunti haitoi leseni kwa kampuni za intaneti. Lalamiko lianze kwa kampuni inayokuhudumia, nawe uombe namba ya lalamiko hilo. Usipopata suluhisho, lipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Nenda na tarehe, saa na vipimo vyako vitatu. Mtu anayesema “ping yangu karibu na ruta, nyumba ikiwa tupu, imekuwa juu ya milisekunde 600 kwa siku saba” ni vigumu kumjibu kwa “zima kisha uwashe”.

Kama tatizo limekupata katika ukumbi au ofisi ya kaunti, mwambie msimamizi wa wadi siku hiyohiyo. Usiondoke kimya. Yule mzazi tuliyempata kesho yake alituambia kwamba alidhani kosa ni la simu yake, akaona haya kuuliza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Upana wa njia: kiasi cha data kinachopita kwa sekunde moja, hupimwa kwa megabiti.

Ping: muda wa ujumbe kwenda na jibu kurudi, hupimwa kwa milisekunde.

Bafa: chumba ambamo data husubiri zamu ya kutoka.

Kupakia: kutuma kutoka kwako. Kupakua: kupokea kuja kwako.

SQM: mpangilio wa ruta unaogawa zamu kwa haki kwenye foleni.

Imetayarishwa na dawati la habari la kaunti kwa ushauri wa maafisa wa TEHAMA. Ukipata toleo hili, msomee na jirani.